Punda Hawakumbatiani

Ijumaa hiyo Weldon aliingia nyumbani na tabasamu ambalo Trizah alishalijua na kuliogopa. Mara ya mwisho kuliona, mumewe alikuwa amenunua mbuzi kwa simu, na mbuzi alipofika akatokea kuwa kondoo, tena mzee, tena mwenye hasira.

"Fungeni macho wote!" Weldon alipiga kelele.

Hakukusudia kupiga kelele. Alifanya kazi Olkaria, kwenye visima vya mvuke, na baada ya wiki nzima ya kushindana na ule mngurumo alirudi mtaani kwao Free Area akiongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Nani afunge?" Trizah aliuliza. "Jelagat amelala, na Mama ameshajifunika."

Ni kweli alikuwa amejifunika. Mama Trizah alikuwa kwenye kiti chake kando ya mlango, leso imeshushwa upande mmoja wa uso mpaka begani, kama kile kizibo cha macho anachovalishwa punda wa mkokoteni asishtuliwe na magari. Mkwe wake akiingia, leso ilishuka. Akitoka, ilipanda. Kwao Bungoma, mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali meza moja, na ndiyo maana alikuwa amekodi chumba chake mwenyewe kwenye ploti hiyo hiyo, mlango wa tatu. Mchana alimlea mjukuu. Jioni alimlea mjukuu tena, ili Trizah aende darasa lake la jioni, maana Trizah alikuwa amesajiliwa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, ule mtihani alioukosa zamani. Lakini kulala chini ya paa la mkwe? Hata mvua ya mawe inyeshe, hapana.

Weldon akachomoa boksi kutoka kwenye begi. "Mwambie Mama, punda wamerudi! Ya nne! Imetoka!"

Leso ilitikisika. Nyuma yake, Trizah aliona jicho moja likichungulia.

Hapa lazima ielezwe habari ya punda, kwa sababu bila punda hao nyumba hii isingekuwa na amani yoyote.

Jelagat alipozaliwa na bibi yake akaja kusaidia, wikendi za mwanzo zilikuwa mateso. Weldon na mama mkwe wake walikaa sebuleni kama wagonjwa wanaosubiri daktari aliyekwenda likizo. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake hata "poleni na baridi." Halafu Jumapili moja, kwa kuchoka tu, Weldon akawasha mashine yake ya gemu, akaweka *Punda wa Milimani*, gemu ambayo alikuwa ameicheza tangu ya kwanza, akiwa bado shuleni. Punda wawili wanabeba mizigo kupanda milima, mmoja kahawia, mmoja kijivu, kila mmoja upande wake wa skrini, na katikati ua mrefu wa miti kutoka juu mpaka chini.

Mama Trizah alitazama kwa muda. Kisha akasema, "Trizah, muulize mwenye nyumba, huyu wa kijivu ni wa nani?"

"Mwambie Mama huyo hana mtu."

"Basi nimemchukua."

Kuanzia siku hiyo watu hao wawili waliongea kupitia punda. Wote wawili walitazama TV, kwa hiyo hakuna aliyemtazama mwenzake. Katikati palikuwa na ua, kwa hiyo hakuna aliyemkaribia mwenzake. Mama Trizah angesema, "Huyo punda wa kahawia naona amekonda," na Weldon angejibu, "Punda wa kahawia analishwa kabeji kila siku huko kazini," na Jumapili jioni, akiondoka, angekuta sufuria ya mboga ya mrenda na ugali wa wimbi vimefunikwa mlangoni bila jina la mpishi. Weldon alipougua, punda wa kijivu alisimama kando ya ua mchezo mzima, hasogei, mpaka wa kahawia akasema amemeza dawa. Walimaliza ya pili, wakamaliza ya tatu, wakaianza upya, wakaimaliza tena. Vijana wa ploti walimpa Mama Trizah jina. "Niaje, Mathe wa Punda!" wangesema, naye angewapungia mkono kama mbunge.

Ndiyo maana sasa, boksi lilipotolewa, Trizah mwenyewe alipiga makofi.

Gemu mpya ikataka intaneti kwanza. Trizah akatoa bando yake, ile aliyoweka ya kusomea. Gemu ikaila, ikasema inajiandaa. Wakanywa chai. Ikaendelea kujiandaa. Jelagat akaamka, akanyonya, akaanza uji, nayo bado inajiandaa.

"Mwambie mwenye nyumba," Mama Trizah akasema, "hata mimi siku ya harusi yangu sikujiandaa hivi."

Hatimaye muziki ukalia na punda wakatokea.

Walikuwa wamesimama kwa miguu miwili. Walikuwa na vizibao. Wa kijivu alikuwa na kope ndefu zilizopindwa juu, za kwenda harusi, na alipofungua mdomo hakulia kama punda, aliongea kama msichana wa huduma kwa wateja.

"Ni nini kimempata?" Mama Trizah aliuliza polepole.

"Mwambie Mama ni graphics. Wameboresha."

"Mwambie mwenye nyumba, punda wangu jana alikuwa na miguu minne."

"Mwambie Mama tuipe muda. Zote huanza hivi."

Weldon alisema hivyo, lakini Trizah aliona anavyoishika ile pad ya kuchezea, kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari na hataki kumwaibisha mwenyeji. Matope hayakunata tena kwenye kwato. Mizigo ilipaa yenyewe mgongoni. Kila baada ya hatua chache punda alipewa nyota na kupongezwa, hata akiwa amesimama tu. Wakavumilia mpaka kwenye mto.

Na hapo ndipo Trizah alipogundua, akiwa amechelewa, kwamba ua haupo. Waliotengeneza gemu walikuwa wameuondoa. Punda wote wawili walikuwa upande mmoja, wamesimama mbele ya daraja jembamba la kamba, na juu yao maandishi yanawakawaka yakisema punda hawavuki mmoja mmoja. Weldon, kwa mazoea, akabonyeza.

Punda wa kahawia akanyoosha mkono. Akamshika punda wa kijivu kiunoni. Akamvuta. Akamkumbatia kifua kwa kifua, na vimioyo vyekundu vikapanda juu vikipasuka pwa, pwa, pwa.

Mama Trizah alitoa sauti ambayo Trizah hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Pad ilimponyoka ikatua ndani ya uji wa Jelagat. Leso ikafunika uso wote, mbele, nyuma, pande zote, na mama wa watu akaondoka kwa haraka, na kwa kuwa haoni, akagonga mlango, akauomba radhi, akautafuta tena, akatoka.

Weldon alibaki ameinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Sikujua," alisema. Mara ya kwanza kwa miezi mingi, alisema kwa sauti ndogo. "Mama Jelagat, haki ya Mungu, nilibonyeza tu."

Trizah alimkuta mama yake chumbani akikunja nguo na kuzipanga ndani ya begi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimeshikwa kiuno, Trizah. Na mkwe. Mbele ya mjukuu."

"Ni punda, Mama."

"Ni punda?" Mama yake aligeuka. "Alipokonda, aliyepikiwa mrenda alikuwa punda? Punda alipougua, nilifunga kuombea punda?"

Trizah akalishika begi. Mama yake akalivuta upande wake.

"Jumatatu asubuhi ninapanda gari niende nyumbani. Sina hasira na yeye. Lakini nitamsemesha vipi tena? Nikae pale, nijue na yeye anajua?"

"Na mtihani wangu?"

Mama yake aliacha kukunja. Alikaa kitandani na blauzi mapajani, akainyoosha, akainyoosha tena. "Huo ndio unaoniuma," akasema. Lakini nguo hazikutoka kwenye begi.

Usiku huo Trizah na Weldon walijadiliana kwa kunong'ona, yaani Trizah alinong'ona na Weldon akasikika mpaka ploti ya pili.

"Rudisha ile ya zamani, basi."

"Ile mashine niliondoka nayo wiki jana, nikabadilishana na jamaa wa Rongai anipe hii. Hii mpya haichezi zile za zamani."

"Mpigie!"

Akampigia. Akasikiliza. Akakata simu. "Ameshaifungua. Feni yake ameitoa, ameifunga kwenye jiko la makaa."

"Na?"

"Anasema linawaka vizuri sana."

Jumamosi asubuhi Trizah akajaribu njia yake. Weldon akatumwa sokoni, na Trizah akambembeleza mama yake akae kwenye kiti. "Wa kahawia nitakuwa mimi. Mimi ndiye nitakushika. Mtoto wako uliyemzaa." Mama Trizah akakubali, shingo upande. Walifika kwenye daraja, wakakumbatiana, vimioyo vikapasuka, na Trizah akamwangusha mama yake mtoni. Wakaanza tena. Akamwangusha tena. Mara ya tatu aliwaangusha wote wawili pamoja na mzigo, na gemu ikampa nyota kwa kujaribu.

"Wewe ulifundishwa kutembea na nani?" Mama Trizah akafoka.

"Wewe, Mama."

"Mwenye nyumba hangeniangusha hivi!" Kisha akajisikia alichosema, akavuta leso, akaweka pad mezani taratibu. "Hata hivyo, ni gemu ya ovyo. Punda gani anapaka wanja."

Trizah akamfunga Jelagat mgongoni akaenda kwa Hezekiah. Hezekiah alikuwa na kibanda cha gemu karibu na barabara ya Nairobi, TV zimepangwa ukutani, vijana wamepangwa kwenye mabenchi, na yeye mwenyewe, mzee mwenye kofia ya sufu, anapita katikati yao na kitambaa akipangusa pad kama mhudumu wa hoteli.

"Mzee Hezekiah, huna ile ya tatu ya punda?"

Hezekiah akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Nyinyi watu mna nini? Mathe wako amekuja hapa leo asubuhi kabla sijafungua. Amejifunika kama anakwenda kuiba. Ananiuliza ya tatu. Nikamwambia, Mathe, watu wote wamehamia ya nne. Akaniuliza, wakihama, huwa wanarudi?"

"Mama amekuja hapa?"

"Na mzee wako naye, dakika chache kabla yako, na kikapu cha viazi. Swali lile lile. Anasema ya nne haina roho."

Trizah akakaa kwenye benchi kati ya vijana wawili. Kumbe kila mmoja alikuwa anamtafutia mwenzake ua.

"Ya tatu sina," Hezekiah akaendelea. "Hiyo nne yenyewe watu wanacheza kwa sababu ya nguo. Ona." Akamwonyesha kwenye TV ya kwanza. Kulikuwa na duka ndani ya gemu, na kijana mmoja alikuwa akimnunulia punda wake miwani. Kofia, njumu, kengele za shingoni. Na blanketi. Blanketi za kila rangi, na kitufe cha kumvisha mwenzako.

Trizah alitazama zile blanketi mpaka Jelagat akamvuta nywele.

Kwao Bungoma, mkwe akitaka siku moja amsalimie mama mkwe kwa mkono, hakurupuki tu. Analeta zawadi mbele ya mashahidi: blanketi, na kitu cha miguu minne. Zawadi ikipokelewa, mkono unatolewa, na kuanzia hapo salamu si aibu tena. Weldon na wazee wa kwao walikuwa wamepanga kwenda kufanya hivyo Desemba, baada ya mavuno na baada ya mtihani. Desemba ilikuwa mbali. Jumatatu ilikuwa keshokutwa.

Alirudi mbio, na viazi vikiwa bado havijamenywa akasimama mlangoni kwa mama yake.

"Mama. Aliyekushika ni punda?"

"Tumeshaongea hayo."

"Basi kama punda ndio walioshikana bila utaratibu, si punda ndio watoe utaratibu?"

Mama Trizah alivuta kiti, akaketi wima. Alikuwa mwanamke aliyekaa katika vikao vingi vya mahari, na Trizah aliona kabisa lile wazo likiingia, likizungushwa, likipimwa.

"Blanketi liwe zito," akasema hatimaye. "Nisione lenye nyota."

Trizah akakimbia sebuleni. "Blanketi zito, hataki nyota."

"Kuna ya mistari," Weldon akasema, ameshachukua pad.

Akakimbia mlango wa tatu. "Kuna ya mistari."

"Mistari ya namna gani? Na kitu cha miguu minne kiko wapi?"

Akarudi. "Miguu minne!"

"Mwambie Mama hawauzi mbuzi! Kuna kuku!"

Hakukuwa na haja ya kupeleka ujumbe, kwa sauti ile. Kutoka mlango wa tatu jibu lilikuja lenyewe, na ploti nzima ikalisikia: "Trizah! Mwambie kuku ni miguu miwili!"

"Basi wawili!" Weldon akajibu. "Kuku wawili! Si inatimia minne?"

Kisha, kwa shingo upande, "Haya. Lakini wasiwe wanafanana."

Mchana kutwa Weldon alibeba mizigo peke yake ndani ya gemu ile aliyoichukia. Alibeba magunia, alibeba mitungi, alipongezwa bila sababu, alifundishwa jambo analolijua tangu akiwa shuleni, alifungiwa njia mpaka atazame tangazo. Hakulalamika. Ilipofika saa kumi alikuwa na blanketi la mistari na kuku wawili, mmoja mweusi na mmoja mwenye madoa, na jasho la kweli kwenye paji la uso.

Hezekiah aliitwa awe shahidi wa upande wa mwanamume, akaja amevaa koti. Mama Trizah aliingia amevaa nguo yake ya kanisani, leso kichwani, akakaa kwenye kiti kando ya mlango. Trizah akasimama katikati, Jelagat mkononi, kwa kuwa utaratibu unataka mtu wa katikati.

"Tumekuja," Hezekiah akasema kwa sauti ya kikao, "kuhusu punda wa kahawia. Alikosa. Hakukosa kwa dharau, alikosa kwa sababu ya walioondoa ua. Amekuja na kitu kidogo."

"Punda wa kijivu anasikia," Mama Trizah akasema.

Weldon akabonyeza. Kuku wakatoka mmoja mmoja, wakazunguka, wakasimama. Akabonyeza tena. Punda wa kahawia akakunjua blanketi, akamvisha wa kijivu begani, akalinyoosha vizuri pembeni. Trizah akajikuta anamkumbatia Jelagat kwa nguvu, jambo la kipuuzi kabisa, kwa sababu ya punda mwenye kizibao.

Halafu, kwa kuwa gemu ile haikuweza kuacha jambo lolote likapita kwa heshima zake, punda wa kahawia akafungua mikono na kumkumbatia wa kijivu, na vimioyo vikapanda.

Weldon alikuwa ametupa pad chini na kuikalia. Hezekiah akavua kofia. Leso ilikuwa imefunika uso wote.

"Trizah," sauti ikatoka chini ya leso. "Blanketi lilitangulia, au mkono ulitangulia?"

"Blanketi, Mama. Blanketi lilitangulia kabisa."

"Mzee Hezekiah?"

"Blanketi, Mathe. Nimeona kwa macho yangu."

Leso ikapanda kidogo, mpaka usawa wa pua. "Basi hao wamesalimiana," Mama Trizah akasema. "Imekwisha. Nipe hiyo pad kabla hajaniletea kitu kingine."

Wakaenda kwenye daraja. Punda wa kahawia akamshika wa kijivu, na wa kijivu, katika blanketi lake la mistari, hakukataa. Kamba zikaanza kuyumba. Katikati ya mto upepo ukavuma, punda wakainama upande, na Mama Trizah akasahau mtu wa katikati.

"Baba Jelagat, shika vizuri, utaniangusha!"

Weldon akashtuka hadi akakaribia kuangusha kila mtu. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa na mama mkwe wake moja kwa moja. Hakugeuka, macho yake yalibaki kwenye TV, lakini tabasamu lilimfika masikioni. "Nimekushika, Mama," akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye chumba kimoja na mwenzake.

Wakavuka. Gemu ikawapa nyota.

"Ya nini?" Mama Trizah akauliza.

"Ya kutoanguka, Mama."

"Siku hizi mtu anazawadiwa kwa kutoanguka. Na huyu mbona bado ana kope?"

"Nimetafuta pa kuzitoa, sijapata. Na umeona matope hayanati?"

"Nimeona! Nilifikiri ni macho yangu. Na wale wa ya pili, walivyokuwa wanalia wakiona mlima!"

"Ya pili, Mama! Ile ya pili ilikuwa gemu!"

Trizah alimweka Jelagat kwenye mkeka, kati ya kiti cha mlangoni na stuli ya jikoni aliyokuwa amekalia Weldon. Akaenda mlango wa tatu, akatoa blauzi za mama yake kwenye begi, moja moja, akazitundika kwenye misumari. Kisha akarudi, akafungua kitabu chake cha hesabu kwenye meza ya jikoni. Alijua hangesoma hata ukurasa mmoja kwa kelele ile. Walikuwa wameanza kuisema gemu mpya toka mwanzo, kizibao kwa kizibao, na ilionekana wangefika Desemba kabla hawajaimaliza.